Je, Kweli Ajali Haina Kinga?



Siku moja, yapata saa saba mchana, mama mmoja aliingia zahanati akikimbia, amembeba mtoto wake wa miaka mitatu. Mama huyu anauza chakula katika mtaa mmoja wa Kariakoo, nasi tunamfahamu kwa sababu tunasali pamoja naye. Mchukuzi aliyebeba robota la mitumba alikuwa amepita karibu na meko yake. Robota likaigusa sufuria, na maharage yaliyokuwa yakitokota yakamwagikia mtoto, ambaye alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, kando ya mama yake. Paja na mguu viliungua. Juu ya jeraha tulikuta dawa ya meno, iliyopakwa na jirani mwema aliyedhani anasaidia.

Tulipokuwa tukilisafisha jeraha lile, mama alisema, "Ndiyo hivyo, nesi. Ajali haina kinga." Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Au ni kosa langu?"

Siku ile hatukumjibu vema. Tulimwambia asilie, mtoto atapona. Na kweli mtoto alipona, ingawa kovu limebaki. Lakini swali lake halikututoka moyoni. Makala haya ya mwezi huu ni jibu letu kwake, na kwa kila mama anayetoka nyumbani alfajiri kwenda kutafuta riziki.

Usemi tuliouzoea

Usemi kwamba ajali haina kinga ni wa kufariji. Mtu akiisha kuumia, si vema kumrundikia lawama. Ubaya ni pale tunapoutumia usemi huo kabla ya ajali, ukawa ndio sababu ya kutofanya lolote. Tukumbuke kwamba wazee hao hao walituachia usemi mwingine: tahadhari kabla ya hatari.

Hebu tufungue Kumbukumbu la Torati sura ya 22, mstari wa 8. Nyumba za Waisraeli zilikuwa na paa bapa, na watu walifanya shughuli nyingi huko juu. Rahabu alianika kitani juu ya dari yake, na huko ndiko alikowaficha wale wapelelezi. Basi Mungu aliagiza kwamba mtu ajengapo nyumba mpya aweke ukingo kuzunguka dari, ili asije akaletea nyumba yake hatia ya damu mtu akianguka kutoka huko.

Tuangalie vizuri agizo hili. Halisubiri mtu aanguke kwanza. Halimwambii mpita njia awe mwangalifu tu, bali linamdai mwenye nyumba. Na halisemi kwamba yote ni mapenzi ya Mungu. Mungu mwenyewe ndiye aliyesema ukingo ujengwe.

Kihatarishi na hatari yake

Wataalamu wa afya ya kazi hutumia neno kihatarishi. Kihatarishi ni kitu chochote kinachoweza kumdhuru mtu kazini: moto, umeme, mzigo mzito, moshi, dawa kali, hata kiti kibovu. Sufuria ya maharage yanayotokota ni kihatarishi. Lakini ukubwa wa hatari hutegemea mambo mawili: je, kuna uwezekano gani wa mtu kudhurika, na akidhurika, ataumia kiasi gani? Sufuria ile ile ikiwa jikoni penye mlango uliofungwa, hatari yake ni ndogo. Ikiwa kando ya njia ya wachukuzi saa saba mchana, na mtoto ameketi chini yake, hatari ni kubwa mno. Sufuria haikubadilika. Kilichobadilika ni mahali, saa na watu.

Kupima mambo hayo kabla hayajatokea ndiko kunakoitwa kutathmini hatari. Si kazi ya wasomi peke yao. Mama anayejua kupima chumvi kwa jicho anaweza kuifanya. Yako maswali matano:

1. Hapa kuna nini kinachoweza kudhuru?
2. Nani anaweza kudhurika, na kwa njia gani?
3. Tayari tumefanya nini, na kinatosha?
4. Nini kiongezwe, nani atakifanya, na lini?
5. Tutaangalia tena siku gani?

Kwa swali la nne, ufuate utaratibu. Kwanza jiulize kama kihatarishi chenyewe kinaweza kuondolewa kabisa. Kama haiwezekani, je, kinaweza kubadilishwa na kitu chenye hatari ndogo? Kama haiwezekani, je, kinaweza kutengwa na watu? Kisha panga upya saa na namna ya kufanya kazi. Vifaa vya kuvaa, kama aproni, glavu na viatu, huja mwisho. Wengi wetu huanza na mwisho: tunanunua glavu na kuacha sufuria njiani.

Mazoea ndiyo adui

Msidhani tunajiona wema kuliko wengine. Sisi wenyewe, miaka ya nyuma, tulikuwa na tabia ya kurudishia kifuniko cha sindano baada ya kumchoma mgonjwa. Tulifundishwa kwamba si sahihi, lakini tulikuwa na haraka na kila mtu alifanya hivyo. Siku moja sindano ikatuchoma kidole. Usiku ule hatukulala. Tulihesabu watoto wetu mmoja mmoja katika maombi, kama mtu anayeaga. Mungu alitusaidia, majibu yalitoka salama. Tangu hapo hatujarudishia kifuniko. Sanduku la sindano zilizotumika liko karibu na mkono tunapofanyia kazi, nalo ndilo ukingo wetu.

Tunalitaja hili pia kwa faida ya wale wanaofagia, wanaozoa taka au kufua nguo za wagonjwa. Ukichomwa na sindano iliyotumika, osha mahali pale kwa maji na sabuni, usipakamue wala kupanyonya, kisha uende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Zipo dawa za kuzuia maambukizi ya Virusi vya UKIMWI, lakini zinatakiwa zianzwe mapema iwezekanavyo, wala zisichelewe kupita saa 72.

Matembezi yetu ya Jumamosi

Baada ya ajali ya mtoto yule, sisi wanawake watatu wa huduma ya afya ya kanisa tulichukua daftari, tukaenda kuwatembelea wenzetu pale wanapofanyia kazi. Hatukwenda kukagua. Tulikwenda kukaa nao, kula chakula chao, na kuuliza maswali yale matano.

Gengeni tulikuta kwanza moshi. Mkaa unaowaka mahali pasipo hewa ya kutosha hutoa gesi yenye sumu isiyo na rangi wala harufu. Mama huanza kuumwa kichwa, kusikia kizunguzungu na kichefuchefu, akadhani ni malaria. Dalili zikipungua kila atokapo nje, na kurudi kila aingiapo, ashuku jiko. Jiko la mkaa lisiwashwe ndani ya kibanda kilichofungwa, hata mvua ikinyesha. Wengine wamehamia kwenye gesi, na hilo ni jema. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwaka 2034. Ila gesi nayo ina masharti yake. Ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutulia chini, miguuni petu. Mtungi usimame wima, mahali penye hewa. Mpira ukaguliwe kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti. Ukisikia harufu, usiguse swichi ya taa. Funga mtungi, fungua milango, toka nje na wote walio nawe.

Kwa mafundi cherehani tulikuta chumba kidogo, ekstensheni moja ikilisha pasi, feni, taa na cherehani tatu. Plagi ilikuwa ya moto mkononi. Mafundi walijua, mmoja alisema huipoza kwa kuichomoa kidogo. Plagi ya moto ni onyo. Vitambaa na vipande vilivyotupwa sakafuni ni chakula cha moto, na mlango wa kutokea ulikuwa mmoja, umezibwa na majora. Pale pale tuliyaondoa majora mlangoni, haikugharimu hata senti. Kazi ya umeme ikaandikwa jina la anayehusika kumleta fundi, na siku yake. Tuliongeza jambo la mgongo: fundi asimame na kujinyoosha kila baada ya saa moja, na meza ielekee dirishani ili macho yasiumie.

Saluni tulikuta dawa za nywele zikitumika katika chumba kisicho na dirisha. Dada mmoja alikuwa akikohoa, vidole vyake vimepasuka. Alidhani ni aleji ya sabuni ya nyumbani. Tulimshauri avae glavu kila mara, mlango uachwe wazi wakati wa kuweka dawa, asile chakula pale dawa zinapochanganywa, na aende kwa daktari akiwa na makopo ya dawa hizo. Daktari hawezi kukisia unachoshika siku nzima kama hukumwambia.

Dukani tulikuta mama mjamzito akipandisha ngazi na katoni. Mwenye duka hakuwa mtu mbaya, hakuwa amefikiri tu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimruhusu mwajiri kumpa mjamzito au anayenyonyesha kazi yenye madhara kwa afya yake au ya mtoto, nayo humpa mama anayenyonyesha muda wa kunyonyesha katika saa za kazi, hadi jumla ya saa mbili kwa siku.

Jambo moja tulilikuta kila mahali, nalo husemwa kwa aibu: haja ndogo. Choo kiko mbali, ni cha kulipia, na hakuna wa kumwachia biashara. Hivyo akina mama hawanywi maji tangu asubuhi, na mkojo hubanwa hadi jioni. Ndiyo maana wengi hutujia na maumivu ya chini ya kitovu na mkojo unaochoma. Dawa ya kwanza si kidonge. Ni akina mama wawili jirani kupatana: wewe nenda, nitakuangalizia, kisha mimi niende. Tena maji yanywewe.

Tusisahau yaliyotokea

Jina lenyewe la Kariakoo lina somo. Limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ambacho kilikuwa na kambi mahali hapo baada ya Waingereza kuiteka Dar es Salaam mwaka 1916. Wapagazi wa vita ile walikufa kwa maelfu, na waliouawa na maradhi na uchovu walikuwa wengi kuliko waliouawa kwa risasi. Mzigo uliwaua, kwa sababu hakuna aliyeona haja ya kuwakinga.

Katika miaka yetu, tumeona Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2013, ghorofa iliyokuwa ikijengwa Mtaa wa Indira Gandhi ilipoanguka na kuua watu 36. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 moto uliunguza jengo la soko kuu la Kariakoo, ambalo liliwekwa michoro na msanifu wetu Beda Amuli, na wafanyabiashara wakapoteza mali na mitaji. Asubuhi ya Jumamosi tarehe 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa nne la maduka liliporomoka Kariakoo. Watu zaidi ya 20 walikufa, na zaidi ya 80 waliokolewa wakiwa hai. Wale walikuwa kazini, au wamekwenda kununua mahitaji ya nyumbani kama wewe na sisi.

Mama muuza duka hawezi kupima nguzo za jengo. Lakini anaweza kuona ufa unaopanuka wiki hadi wiki, mlango ulioanza kukwama, au watu wanaochimba chini ya jengo lenye wapangaji ndani. Ukiona hayo, usinyamaze kwa kuogopa kupoteza fremu. Toka, waambie majirani, nendeni pamoja ofisi ya serikali ya mtaa na halmashauri. Mtu mmoja hupuuzwa. Akina mama kumi wakiwa na barua yenye sahihi zao si rahisi kupuuzwa. Moto ukiwaka, namba ya Zimamoto ni 114. Iandikwe ukutani, kwa sababu siku ya moto kichwa husahau.

Haki zetu na wajibu wetu

Walioajiriwa wanalindwa na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na wakala wa Serikali uitwao OSHA, ulioanzishwa mwaka 2001. Mwajiri anapaswa kulinda afya ya wafanyakazi wake, na mfanyakazi naye anapaswa kutii taratibu za usalama na kutoa taarifa aonapo hatari. Aliyeumia au kuugua kwa sababu ya kazi anaweza kudai fidia kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015. Anayechangia mfuko huo ni mwajiri, wala mshahara wako haukatwi. Hivyo ukiumia kazini mwambie mwajiri mapema, na mwambie daktari kwamba umeumia kazini, ili iandikwe.

Sasa neno gumu kidogo, na tulipokeeni kwa upendo. Wengi wetu tunaosoma ukurasa huu ni waajiri. Yupo msichana nyumbani anayetupikia, kufua na kulea watoto wetu. Jiko letu ni mahali pake pa kazi. Je, tumemwonyesha namna ya kufunga gesi? Anapanda juu ya kigoda kilichovunjika mguu kufuta madirisha? Anachanganya dawa ya kung'arishia nguo na dawa kali ya choo, akivuta hewa yenye sumu kwa sababu hatukumwambia kwamba havichanganywi? Anainua ndoo ya maji ambayo sisi wenyewe hatuiwezi? Mtume Paulo, katika Wakolosai 4:1, anawakumbusha mabwana kwamba wao nao wana Bwana mbinguni. Tukilalamika juu ya waajiri wa mjini, tuanze na jiko letu.

Akiungua mtu, fanya hivi

Mtoe kwenye moto au uji moto. Mvue nguo iliyolowa, pamoja na pete na bangili, lakini nguo iliyogandamana na ngozi usiivute. Mwagia jeraha maji safi ya baridi ya kawaida kwa dakika 20, usitumie barafu. Mtoto mfunike sehemu nyingine za mwili asipatwe na baridi. Usipake dawa ya meno, yai, mafuta, asali wala majivu. Usipasue malengelenge. Funika jeraha kwa kitambaa safi na umpeleke hospitali, hasa akiwa mtoto, au jeraha likiwa usoni, mikononi au sehemu za siri.

Jibu letu kwa mama yule

Siku ya matembezi yetu tulimwachia yeye awe wa mwisho. Tulipofika tulikuta amekwisha kufanya mambo ambayo hatukumfundisha. Meko ameyasogeza ukutani. Benchi la wateja liko kati ya njia na moto. Maharage huyachemsha nyumbani alfajiri na kuja nayo yameiva, kwenye chombo chenye mfuniko. Mwenzake anayeuza mboga hukaa na mtoto kuanzia saa sita hadi saa nane, naye humpa chakula cha mchana bure. Ndala ameziacha, amevaa viatu vya kufunika vidole.

Tulimwambia hivi: Mama, uliuliza kama ni kosa lako. Siku ile ulikuwa ukitafuta ada na kodi mahali ambapo hakuna aliyekupangia pa kupikia, pa kupitisha mizigo wala pa kumwacha mtoto. Ukingo ule ulitakiwa kujengwa na watu wengi, na wengi hawakuujenga. Mungu haulizi jambo hilo ili akuponde. Anauliza ili anayefuata asianguke. Na wewe sehemu yako umekwisha kuijenga.

Alitupakulia wali na maharage, akakataa pesa yetu. Mtoto alikuwa ng'ambo, chini ya meza ya mboga, akicheza na vizibo vya soda.

Ya kujadili katika kikundi

1. Kila mmoja ataje kihatarishi kimoja anachokijua pale anapofanyia kazi na ambacho amekizoea.
2. Je, ni wakati gani tumetumia jina la Mungu kuficha uzembe wetu?
3. Msichana wa kazi nyumbani kwako akiulizwa maswali yale matano, atajibu nini?
4. Chagueni mwanachama mmoja mkamtembelee kazini kabla ya mwezi kwisha. Chukueni daftari, na tarehe ya kurudi tena.

Bwana awalinde kutoka kwenu na kuingia kwenu. Tukutane mwezi ujao.